Matete ya Walio Hai

Nilikaribia kumuua baba yangu kwa sentensi mbili fupi, na niliziandika huku nacheka. Nasema mapema ili msomaji asije akanionea huruma njiani. Mzaha mzaha hutumbua usaha: nimewafundisha watoto wa watu methali hiyo kwa miaka mingi, ubaoni, kwa chaki nyeupe, na asiyeijua maana yake nilimsimamisha mbele ya wenzake. Mwalimu mwenyewe alikuwa bado hajaielewa.

Nyumba ninayotaka kuisimulia iko upande wa Ntobeye, juu kidogo ya barabara, kati ya migomba ya jirani yetu na shamba la kahawa. Ni ya matofali ya kuchoma, bati lake limeshika kutu, na haina dirisha hata moja. Ina mlango mmoja wa mninga. Juu ya mlango huo baba alichonga guniya, kile kipimo cha pembe cha maseremala, na chini yake akachonga bikari iliyofungua miguu. Nilipokuwa mtoto nilimuuliza kwa nini, akasema ndizo zana anazozipenda, na kwamba mlango mtupu haupendezi. Hapakuwa na siri yoyote zaidi ya hiyo.

Ni nyumba ya chama cha kuzikana. Vyama vya namna hiyo viko kila kijiji kwetu, vina sufuria zake, turubai lake, machela yake na majembe yake. Chama chetu kina jambo moja ambalo sijalisikia kwingine, nalo lilianzia kwenye msiba wa mtu mmoja mrefu.

Babu yangu, aliyekuwa mmoja wa waanzilishi, alinisimulia. Mtu huyo alikufa wakati wa masika, njia zikiwa tope tupu. Fundi aliona haya kuingia chumbani kumpima maiti katikati ya wanawake wanaolia, akakadiria kwa macho. Jeneza likaja fupi. Hapakuwa na mbao nyingine, na mvua ilikuwa inaingia kaburini, basi wakamkunja miguu. Mjane aliona kabla ya kifuniko kupigiliwa. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba mume wake hakuwahi kulala hivyo, na kwa miezi mingi akamwambia kila aliyepita kwake neno lile lile. Wazee wakakaa wakakubaliana: kuanzia sasa watu watapimwa wakiwa hai.

Wakachagua tete, kwa sababu limenyooka, ni jepesi, na bondeni kwetu yamejaa tele. Mwanachama anayeingia husimama nje ya nyumba, mgongo ukutani, macho ameyafumba. Mafundi wanne humpima kutoka utosini hadi kisiginoni, hukata tete la urefu wake, kisha huliingiza ndani kabla hajafumbua macho. Mtu haoni kipimo chake mwenyewe. Ili tete lisipotee katika mengine, watu wa nyumbani kwake hukata kipande cha nguo aliyokwisha kuivaa, kikafungwa kwenye ncha. Aliyepimwa akiwa mdogo hupimwa upya akikua, na kitambaa chake huhamishiwa kwenye tete jipya. Siku akifa, mafundi hulitoa tete lake, hupima mbao kwalo, na tete lenyewe huzikwa pamoja naye. Hakuna anayemsumbua maiti, hakuna anayewasumbua wafiwa. Kiapo cha chama ni kwamba kipimo cha mtu hakisemwi nje, na anayeingia ndani ni mafundi wale wanne tu, baba akiwa mmoja wao.

Nyumba ya kwanza ya kuwekea matete na mbao za majeneza ilikuwa ya udongo. Wakati wakimbizi walipofurika kwetu kutoka ng'ambo ya mpaka, ilimaliza mbao zote, maana wazee hawakuweza kuona mgeni anazikwa kama kuni, na mchwa wakamaliza kilichobaki. Baada ya hapo kila kaya ikabeba matofali kichwani, akina mama wakiwa mbele, mpaka ikasimama hii ya sasa. Hawakuweka dirisha kwa sababu jua hupinda mbao, na kwa sababu watoto ni watoto.

Sasa weka pamoja mambo hayo: nyumba isiyo na dirisha, kiapo, wazee wanne, guniya na bikari mlangoni. Vijana walipoanza kuwa na simu kubwa, mmoja akagundua kuwa alama ya Frimasoni ni hiyo hiyo. Basi kikawa kicheko cha kijiji. Kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, mtu akimwona baba anapita husema, "Mzee wa lojini huyo, mpisheni." Baba akijibu, "Leo tunakunywa damu ya ndizi." Wakacheka wote. Nilikulia ndani ya kicheko hicho, ndiyo maana sikuona kisu kilichokuwa ndani yake.

Mwaka huu nilikwenda nyumbani likizo kutoka Biharamulo, ninakofundisha. Nilimkuta baba ana mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Alikuwa ananitambua kwa sauti, lakini alivyo mbishi, alijifanya anaona. Alinisifia gauni la bluu. Nilikuwa nimevaa la kijani. Siku ya Jumatano akafariki bibi mmoja mzee wa jirani, na baba akaniita pembeni kabla watu hawajaamka vizuri.

"Fundi mmoja kaenda Kanazi, mwingine mgonjwa, na yule wa tatu haoni kunishinda," akasema. "Utaingia na mimi."

"Baba, mimi si mwanachama. Nimeolewa huko mbali, na ni mwanamke."

"Unaingia kwa ajili ya macho yangu. Macho hayana mdomo. Umeelewa?"

Nikasema nimeelewa.

Sijui nilitarajia nini, labda mafuvu. Baba alipofungua mlango mwanga ukaingia mara moja ukagonga ukuta wa nyuma, na hapo ndipo nilipoyaona. Yalisimama kwa mafungu, kaya kwa kaya, kijiji kizima kimesimama wima gizani. Kila moja lilikuwa na kitambaa chake: kanga, kitenge, shati la sare ya shule, kipande cha kanzu, lesi ya gauni la harusi. Mengine marefu, mengine ya watu wafupi ninaowafahamu, na niliwatambua kabla ya kutazama kitambaa. Kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona kijijini kwetu, na nilikuwa nimekaa nacho jirani maisha yangu yote.

Nikamtafutia baba tete la bibi, lenye kipande cha kanga nyekundu iliyopauka. Akalipokea kwa mikono miwili, akatoka nalo, akaenda kwenye mbao zilizokuwa nje. Mimi nikabaki ndani. Nikatoa simu.

Ukweli ni kwamba picha ya kwanza haikutoka vizuri. Mafungu yalikuwa gizani. Nikaona tete moja lenye kitambaa cha njano chenye mistari ya zambarau, rangi inayowaka kweli kweli, nikalichomoa kwenye fungu lake nikaliegemeza peke yake pale mwanga ulipopiga, mengine yakabaki nyuma yake. Picha ikatoka safi sana. Baba akaniita nimshikie msumeno, nikatoka.

Jioni, nikiwa nimelala chali nyumbani, nikaiweka picha ile kwenye stetasi. Nikaandika: "Leo nimeingia lojini kwa Frimasoni wa kwetu. Msinitafute." Nikaweka na vile vikatuni vya kulia kwa kucheka. Walimu wenzangu wakacheka. Kesho yake asubuhi nikapanda gari kurudi Biharamulo, picha ikafutika yenyewe, nikaisahau.

Jumamosi jioni kijana mmoja wa kijijini kwetu, dereva wa bodaboda, mtoto wa mama mjane, alianguka kwenye mteremko wa kuelekea Kanazi. Lori lilikuwa linapanda. Hakufika hospitalini.

Habari ilinifikia Jumapili asubuhi, nikiwa natoka kanisani napita chini ya boma kwenda sokoni, na haikuja kama habari ya msiba. Ilikuja kama sauti ya mtu nisiyemjua, imesambazwa mara nyingi, na chini yake kuna picha. Picha yangu. Mtu mmoja kati ya waliokuwa na namba yangu alikuwa ameinasa. Sauti ilisema: "Wapendwa, angalieni wenyewe. Hizi ni nguo za watu. Huyu wa njano ametengwa mbele, anaonekana, shati lake waliokua naye wanalijua. Siku ya nne amekufa. Mtoto wa mjane. Lisemwalo lipo, wapendwa. Na binti yao mwenyewe ameandika kwa mkono wake kwamba ni Frimasoni. Mnangoja nini? Mnangoja zamu yenu?"

Nilisimama katikati ya wauza nyanya nikaisikiliza tena. Nikakaa kwenye gunia la mtu. Kitu cha kwanza kilichonijia, na naona aibu kukiandika, hakikuwa baba. Nilijiuliza kama ni mimi niliyemuua yule kijana. Mimi, mwenye stashahada, niliyekuwa nawacheka wazazi wanaofunga hirizi kwenye viuno vya watoto, nilikaa sokoni nikihesabu vidoleni: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Siku nne kweli.

Nikampigia baba. Akapokea mtu mwingine, jirani yetu.

"Mzee yuko kwenye mlango wa nyumba ya chama. Amekaa na kigoda chake. Watu wanamwambia afungue, hataki. Mwalimu, hali si nzuri huku. Kuna vijana wamenunua petroli ya chupa."

"Mtendaji yuko wapi?"

"Yupo. Ana mgambo mmoja. Mwingine ametoroka."

Njia ile kutoka Biharamulo, Lusahunga, Nyakahura, hadi kwetu nimeipita mara nyingi nikisinzia. Siku hiyo nilijua kila tuta. Dereva alisimama kupakia mkungu wa ndizi, nikamfokea mpaka abiria wakageuka. Mama mmoja wa Kisukuma aliyeketi karibu na mimi akaniuliza taratibu, "Umefiwa, dada?" Nikasema, "Bado." Akashika mkono wangu, akaushika mpaka Nyakahura aliposhuka.

Kituoni nilichukua bodaboda. Tulipofika kwenye njia panda ya kijiji dereva akazima pikipiki.

"Mwalimu, shuka hapa."

"Bado mbali."

"Marehemu alikuwa mwenzetu kijiweni. Huko mimi siendi kukupeleka wewe." Hakunitazama usoni. Hakudai nauli pia.

Nilitembea, halafu nikakimbia. Nilisikia kelele kabla sijaona watu. Walikuwa wamejaa kuanzia kwenye migomba hadi barabarani. Mtendaji alikuwa amesimama pembeni na simu sikioni, akijaribu kupata askari, na mtandao ulikuwa unakatika. Katikati, mgongo kwenye mlango wa mninga, alikaa baba, na macho yake yale ya maziwa akiyaelekeza juu kidogo ya vichwa vya watu. Chini ya miguu yake udongo ulikuwa umelowa. Nilinusa petroli.

Kilichoniuma zaidi ni nyuso. Nilikuwa nimeyaona matete yao. Mwanamume aliyekuwa anapiga kelele kuliko wote, "Afungue au achomwe nayo!", lake lilikuwa na kipande cha koti la kijivu. Yule aliyeshika chupa, lake lilikuwa na sare ya shule, bila shaka alipimwa akiwa hajamaliza darasa la saba. Nusu ya watu wale walikuwa wanachama. Walisimama ukutani macho wameyafumba, wakapimwa, wakala kiapo, wakazikiwa baba zao. Walijua kilichomo ndani. Lakini sasa kulijua jambo hilo hadharani kulikuwa ni kujiita Frimasoni, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Niliwachukia siku ile, wote, na chuki hiyo haijaisha yote.

"Mzee, fungua tu waone," mtendaji alikuwa anasema. "Wakiona wataondoka."

"Oya," akasema baba. Hapana. "Humu mna vipimo vyao. Mtu haoni chake. Nikifungua, wote wataona."

"Watakuchoma, mzee wangu."

"Na wachome. Wataniletea mbao wenyewe."

Mtu mmoja akacheka, kwa mazoea, akakoma ghafla.

"Kwa nini ulimtenga mtoto wa mjane?" akauliza yule wa koti la kijivu. "Tuambie hilo tu. Picha inaonyesha. Kwa nini yeye?"

Baba akaigeuzia sauti ile uso wake. Hapo nilielewa kitu kilichonikata maini. Baba hakujua kuhusu lile tete, hakuliona, hawezi kuona. Lakini alijua ni nani aliyekuwa na simu ndani ya nyumba ile. Angeweza kunitaja. Neno moja, na wangemwacha. Alikaa kimya akiwa amekunja mikono magotini.

"Ni mimi," nikasema.

Sauti haikutoka vizuri, nikarudia kwa sauti yangu ya darasani, ile ya kuwanyamazisha watoto themanini. "Ni mimi niliyelitoa lile tete. Baba alikuwa nje. Hajui lolote."

Walinipisha, si kwa heshima, bali kama watu wanavyompisha mtu mwenye ugonjwa. Nikafika mbele, nikasimama kwenye ule udongo uliolowa.

"Kwa nini?" yule wa koti akauliza tena.

Njia nzima kutoka Biharamulo nilikuwa nimetafuta jibu la kuwapa, na sikupata jingine.

"Kitambaa chake kilikuwa kizuri," nikasema. "Nilitaka picha ipendeze. Yale maneno niliyoandika ni utani, ule ule mnaomtania baba kila siku."

Nadhani uongo wangewapa kitu cha kushika. Ukweli mdogo namna ile uliwachukiza. Kutoka nyuma mtu akasema, "Picha ipendeze! Mtoto wa mtu amekufa ili picha ipendeze!" na kelele zikarudi mara mbili. Mtu akanivuta kilemba. Yule wa chupa akasogea, nikaona kiberiti kwenye mkono wake wa kushoto. Baba alisimama, akaupapasa mkono wangu, akanivuta nyuma yake, kati yake na mlango. Mzee asiyeona, mwenye umri ule, ananikinga.

Ndipo mama wa marehemu akafika.

Alikuja peke yake, kutoka nyumbani kwake ambako mwanawe alikuwa amelazwa chini ya shuka akingoja jeneza ambalo hakuna aliyethubutu kulitengeneza. Amejifunga kanga kiunoni, kichwa wazi, miguu mitupu. Watu wakampisha wakijua amekuja kusema neno litakalomaliza mambo. Alifika mbele ya baba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwana wanje," akaitikia baba. Mwanangu.

"Nataka kuliona tete la mwanangu."

Baba alifikiri. "La marehemu mama yake anaweza kuliona," akasema. "Peke yako lakini. Na huyu, kwa ajili ya macho yangu."

Akatoa ufunguo shingoni, akapapasa tundu, akafungua upenyo wa mtu mmoja. Tukaingia watatu, akaurudisha mlango mpaka ukabaki mwanga mwembamba tu.

Tete la njano lilikuwa pale pale nilipoliegemeza. Peke yake, mbali na mafungu. Sikuwa nimelirudisha. Tangu Jumatano lilikuwa limesimama pale kama nilivyoliacha.

Mama hakulishika mara moja. Alisimama akilitazama kutoka chini hadi juu, kisha juu hadi chini, kama mtu anayemtazama mwanawe aliyerudi safari. Halafu akashika kile kitambaa, akakikunjua kwa kidole gumba, akakinusa.

"Hiki nilikikata mimi," akasema.

Baba akageuza sikio upande wake.

"Baba yake alipokufa, nilimleta hapa mimi mwenyewe apimwe. Alikuwa anacheka, hataki kufumba macho. Nikakata shati lake la Krismasi kwa chini, akanigombeza kwamba nimeliharibu." Kisha akanigeukia. "Picha nililetewa jana jioni. Nilikitambua hapo hapo. Nilijua ni nini, nilijua ni kwa nini kimo humu. Walikuja kuniuliza, nikanyamaza. Tangu jana nimenyamaza. Lori halina uso, mwalimu. Nilitaka awepo aliyemuua."

Nikampisha njia.

Akalichukua tete, akausukuma mlango kwa bega, akatoka nalo. Watu waliokuwa mbele wakarudi nyuma. Akalisimamisha wima pembeni yake, likampita kichwa kwa kiganja na nusu.

"Huyu ndiye mwanangu," akawaambia. "Kitambaa nilikata mimi. Na wewe," akamwelekea yule wa koti la kijivu, "chako alikata mke wako, nikiwepo. Na wewe mwenye chupa, wewe ulipimwa siku moja na huyu. Mlishikana mikono ukutani mkiogopa. Nani kati yenu hajui? Aseme nani hajui!"

Yule mwenye chupa akakaa chini, hapo hapo, akaanza kulia kwa sauti. Marehemu alikuwa rafiki yake. Watu wa nyuma, wageni na vijana wasio wanachama, bado walikuwa wanauliza kuna nini, na waliokuwa mbele wakawa wanashindwa kuwajibu.

Askari walifika saa moja baadaye. Hawakukuta la kufanya zaidi ya kuchukua chupa.

Baba na fundi mwingine walitengeneza jeneza siku ile ile, baba akipima kwa tete na vidole, fundi akikata. Mazishi yalikuwa Jumatatu. Sikwenda. Mama wa marehemu alituma mtu kuniambia nisije, na aliyetumwa aliniambia kwa adabu sana, akaomba na maji ya kunywa.

Nilidhani tumepona. Lakini kuanzia Jumanne watu walianza kuja kuchukua matete yao. Hawakugomba. Walibisha hodi, wakaamkia, wakasema, "Mzee, naomba lile la nyumbani kwetu." Wengine walisema mchungaji wao amewaagiza. Wengine hawakutoa sababu. Baba hakubishana na yeyote. Alikaa ndani gizani, akapapasa vitambaa kimoja kimoja, na kwa vidole tu alimjua kila mtu. Alilifunga tete kwenye gazeti ili mwenyewe asilione, akalitoa nje. Waliondoka nayo begani. Jioni nilisikia harufu ya matete yakiungua kwenye majiko ya watu. Alikuja yule wa koti la kijivu pia. Baba alimfungia lake vizuri kama ya wengine, akamuulizia hali ya mkewe.

Mafundi wenzake wakamwambia kwamba chama hakijavunjika, ila watu wapumzike kwanza. Baba akaitikia. Usiku hakula. Nikamwambia nisamehe baba, kwa mara ya kumi au ya ishirini, akasema, "Nilikuambia macho hayana mdomo. Sikujua siku hizi yana simu." Nilitamani anipige.

Niliomba ruhusa shuleni nikabaki naye. Baada ya wiki mbili mafungu yalikuwa yamebaki matatu, ya familia zilizohamia mbali ambazo hazikuwa na habari. Baba alikuwa anakwenda kila asubuhi, anafungua, anakaa kwenye kigoda chake hadi jua linapokuwa kali, anafunga, anarudi. Nilimsindikiza kwa sababu alikuwa anajikwaa.

Asubuhi moja tukamkuta mama wa marehemu amesimama kwenye ukuta wa nyumba. Mkononi alikuwa na kipande cha kanga nyeusi, ile ya msibani.

Alimwamkia baba. "Nilimleta mwanangu, mimi mwenyewe sikupimwa," akasema. "Nilisema yeye atanishughulikia. Sasa nipime mimi."

Baba akakipokea kile kitambaa, akakipapasa. Kisha akaniambia niende bondeni nikakate tete refu, lililokomaa, lisilo na mpindo. Nilikwenda mbio, mwanamke mzima na mwalimu wa watu, nikakata matatu ili achague. Nilimrudia nikitweta. Mama alikuwa tayari amesimama mgongo ukutani. Baba akalichagua moja, na kwa kuwa haoni, akaninyooshea nishike ncha ya juu, pale utosini.

Mama akafumbua macho.

"Wewe hapana," akaniambia. Hakusema kwa ukali. "Mzee atanipima mwenyewe. Wewe kakae kule."

Nikaiachia ncha. Nilikwenda nikasimama kwenye migomba, nimewageuzia mgongo. Nilimsikia baba akipapasa ukuta, akiomba radhi kila mkono wake ulipogusa bega au kichwa, mama akimwambia, "Juu kidogo, mzee. Hapo." Ilichukua muda mrefu sana. Halafu kisu kikakata, baba akauliza kama ni sawa, mama akasema ni sawa, nami nikalia, huku nimejiziba mdomo kwa mikono miwili wasinisikie.